Je, Mungu Ndiye Aliyetuchelewesha?

Katika ukurasa huu nimezoea kuwaandikia maneno ya kutia moyo. Leo naleta jambo lililonisumbua tangu mwezi wa kumi na moja mwaka 2023. Wengi wenu mlisikia nusu yake tu, kwa sababu nusu hiyo ndiyo niliyoihubiri mimi mwenyewe.

Mnaikumbuka safari ya waganga. Ndugu zetu waamini wa Mbarara walijitolea kuja hapa Nakivale kutibu watu siku moja: tabibu mmoja, wauguzi wawili na mama mkunga, pamoja na masanduku mawili ya dawa. Kanisa lilinituma niende mjini siku moja mbele ili niwaonyeshe njia na kuwatafsiria, maana Kibembe na Kifaransa hawavijui, na Kiswahili chao ni cha sokoni. Nilikuwa nimetangaza Jumapili mbili mfululizo: siku ya Alhamisi, saa tatu asubuhi, waganga watakuwa shuleni, matibabu ni bure, mwenye mgonjwa amlete.

Tulipaswa kuondoka Mbarara saa kumi na mbili asubuhi. Tuliondoka saa nne. Sababu yake ni ndogo hata naona haya kuiandika. Tulikuwa tunangoja bango. Mtu wa kuchapisha alichelewa kufungua duka, na sisi tulitaka bango lenye jina la huduma ili picha zitoke vizuri. Dereva alituonya. Alisema wakati huu wa mvua barabara ile si ya kupita mchana, mawingu yanakusanyika kila siku saa sita. Tukamwambia Mungu ataizuia mvua.

Mvua haikuzuiwa. Ilitukuta kwenye mteremko, udongo mwekundu ukawa kama sabuni, gari likaserereka na kuzama mtaroni hadi kwenye ekseli. Tulisukuma, tukachimba kwa jembe la kuazima, tukakata matawi na kuyatandika chini ya magurudumu. Ilipofika saa kumi na moja jioni tulikuwa bado pale pale, zimebaki kilomita kama 20. Nikampigia simu mzee wa kanisa kule kijijini. Aliniambia watu wamejaa uwanjani tangu asubuhi. Nikamjibu: waambie waje kesho, tutafika.

Tulilala kwa wenyeji, katika kijiji kidogo cha maduka matano au sita kando ya barabara. Saa tano usiku watu wakabisha mlango. Walikuwa wamesikia kwamba kuna waganga. Mama mmoja wa pale alikuwa amejifungua nyumbani, mtoto mzima, kondo la nyuma limetoka, lakini damu haikukoma. Mkunga wetu akakimbia na taa ya simu. Ndani ya sanduku la baridi tulikuwa na oksitosini, dawa ya sindano inayolifanya tumbo la uzazi lijikaze, na hiyo hutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Barafu ilikuwa imebaki kidogo. Akamchoma yuniti 10, akalikanda tumbo kwa mkono, akaagiza mtoto awekwe kwenye titi, kwa kuwa kunyonya nako kunasaidia tumbo kujikaza. Mimi nilikuwa nje na wanaume, tukiomba kila mmoja kwa lugha yake. Damu ikapungua, kisha ikakoma. Alfajiri yule mama alikunywa uji. Mume wake alitukamata mikono mmoja mmoja, hakuwa na la kusema.

Wapendwa, mtu akiona hayo kwa macho yake atasema nini? Tulisema sote kwa kinywa kimoja: kumbe ndiyo sababu Mungu alituzamisha kwenye matope! Tulifika hapa saa tano asubuhi tukiimba. Waganga wakatibu watu hadi jioni, na bango likapigwa picha.

Jumapili iliyofuata nilisimama madhabahuni nikafungua Marko 5, habari ya Yairo na ya mwanamke aliyetokwa na damu miaka kumi na miwili. Nikaonyesha jinsi Bwana alivyokuwa njiani kwenda kwa mgonjwa mmoja, akasimamishwa na mwingine, na jinsi kusimama kule kulivyokuwa uzima wa mwanamke yule. Nikasimulia habari ya damu ya usiku ule. Mlipiga makofi na vigelegele, nakumbuka.

Baada ya ibada mama mmoja alibaki kwenye benchi. Nikamwendea nikidhani anataka maombi. Akaniambia taratibu, bila hasira: "Pasta, mtoto wa Yairo aliamuka."

Sikuelewa. Ndipo akanieleza. Kijana wake wa miaka mitatu alikuwa na homa tangu Jumatano. Alhamisi alimbeba mgongoni hadi uwanjani, akangoja toka asubuhi hadi jua kuzama. Angeweza kwenda kituo cha afya, ni mwendo wa saa tatu kwa mguu, lakini Pasta alikuwa ametangaza. Jioni akasikia waganga watafika kesho, akarudi nyumbani na mtoto. Usiku mtoto akaanza kustuka-stuka mwili. Kabla ya jua kutoka alikuwa amekufa. Tulipofika tukiimba, yeye alikuwa nyumbani anamwosha.

Akamaliza kwa kuuliza: "Mungu mwenye aliwachelewesha kwa sababu ya yule mama, mimi aliniona?"

Ndani ya masanduku yetu kulikuwa na artesuneti ya sindano, dawa ya malaria kali. Usiku ule ililala nasi kwenye matope. Bodaboda moja ingeweza kupita mvua ilipokatika, ikabeba dawa na muuguzi mmoja. Wazo hilo halikutujia hata kidogo. Tulidhani watu wataelewa.

Sikumjibu yule mama. Nilishika mkono wake nikasema maneno ambayo sisi wachungaji tunayo tayari mfukoni, na yeye akaitikia Amina kwa heshima, akaenda zake. Tangu siku ile naitafuta jibu, na hapa naandika mahali nilipofika.

Kwanza niliona kwamba nilikuwa nimeunganisha maswali mawili. Je, Mungu alikuwepo katika kuchelewa kule? Naamini alikuwepo, nilimwona kwenye uso wa mama anayekunywa uji. Je, kuchelewa kule kulitoka kwa Mungu? Hilo ni swali lingine kabisa, na sisi hulijibu kwa haraka kwa sababu jibu lake linatupa nafuu. Nikisema Mungu alituchelewesha, basi bango halikutuchelewesha. Nikisema ni mpango wake, dereva aliyetuonya anakuwa mtu asiye na imani, na mimi sina la kutubu.

Someni Matendo 27 na 28. Paulo alikuwa amewaonya wasisafiri wakati ule wa mwaka. Akida akamsikiliza nahodha na mwenye merikebu. Dhoruba ikaja, merikebu ikavunjika, wote wakaponea Malta. Na kule Malta ikawa safari ya uponyaji hasa: baba yake Publio alikuwa na homa na kuhara damu, Paulo akamwombea akapona, na wagonjwa wengine wa kisiwa wakaletwa. Walikaa miezi mitatu. Ni ushuhuda mkubwa, na aliyeandika habari ile alikuwa pamoja nao, Luka, ambaye Wakolosai 4:14 yamwita tabibu. Lakini angalieni Paulo alivyonena katikati ya dhoruba. Kabla ya kuwaambia malaika amemhakikishia uhai wao, aliwaambia walipaswa kumsikiliza na kuepuka hasara ile. Maneno yote mawili yalitoka kinywa kimoja. Hakuifuta hasara kwa ajili ya baraka, wala hakuinyima baraka sifa yake kwa ajili ya hasara. Mimi madhabahuni nilisema moja tu.

Kisha kuna habari ya Yusufu, ambayo sisi wakimbizi tunaipenda sana. Mwanzo 50:20 hutajwa katika kila kilio. Ni kweli Yusufu alisema kwamba mabaya waliyomkusudia, Mungu aliyageuza kuwa mema. Lakini ni nani aliyesema? Ni Yusufu, yeye aliyetupwa shimoni na kuuzwa, na alisema baada ya miaka mingi na machozi mengi. Hebu fikirini kama ndugu zake ndio wangelisema, tena mapema, wakiwa bado wanahesabu vile vipande ishirini vya fedha: "Yusufu, usilie, ni Mungu anakutuma Misri mbele yetu." Maneno yangekuwa yale yale, lakini katika vinywa vyao yangekuwa uovu juu ya uovu. Ninaogopa kwamba Jumapili ile nilisema maneno ya Yusufu nikiwa nimeketi upande wa ndugu zake.

Najua wako watakaonipinga kwa Yohana 11, kwamba Bwana alikaa siku mbili zaidi kwa makusudi na Lazaro akafa. Ni kweli, na sitaki kuupinda mstari ule. Lakini Bwana alijua atakalofanya kaburini, sisi hatujui. Na hata yeye, Martha alipomwambia kama angalikuwepo ndugu yake hangalikufa, na Mariamu akarudia neno lile lile, hakuwakemea wala hakuwaambia wafurahie kuchelewa kwake. Alilia. Yairo naye alipoletewa habari ya msiba, Bwana hakumwonyesha yule mwanamke aliyepona ili kumtuliza. Alimwambia asiogope, akaendelea kutembea naye hadi nyumbani kwake. Mimi sikuenda hata nyumbani kwa yule mama hadi aliponitafuta yeye.

Naandika haya si kwa ajili ya safari ile peke yake. Mwezi wa kwanza mwaka 2025, Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, walikuwepo kati yetu waliokwisha kupima afya na kuuza vitanda. Vipimo vile vina muda wake, ukipita vinarudiwa. Nilisikia ndugu mmoja akiwaambia: Mungu amewachelewesha kwa sababu ana baraka kubwa zaidi. Huenda anayo. Lakini yule ndugu hakuwa kwenye orodha, alikuwa anarudi kulala kwenye kitanda chake. Nilimvuta pembeni nikamwomba awapelekee godoro.

Kwa safari za waganga, baraza la wazee limekubali mambo machache. Tangazo sasa linasema wazi: mtoto mwenye homa asingoje mtu yeyote, apelekwe kituo cha afya siku ile ile, na kanisa litalipa bodaboda. Gari linaondoka saa kumi na mbili, bango au hakuna bango. Safari mbili zimekwisha kufanyika hivyo, ya pili hata haikupigwa picha, na kuna waliolalamika.

Yule mama nilimwendea mara nyingi baadaye. Mwanzoni nilikwenda na Biblia, halafu nikaanza kwenda mikono mitupu, tunakaa chini ya mwembe, mke wangu anamsaidia kupukuchua mahindi. Nilimwomba msamaha kwa ajili ya bango. Alinyamaza siku ile. Hajaniambia kwamba jambo lile lilikuwa mpango wa Mungu, nami sijamwuliza.

Majuzi, tukiwa tumekaa hivyo, aliniuliza kwa ghafla kama mtoto wa kule barabarani, yule wa usiku wa matope, anaishi. Nikasema sijui, hatujapita tena njia ile. Akasema: "Mukipita, Pasta, muulize. Na muulize walimuita jina gani."