Vocha Kwenye Mtoto wa Meza

Wanangu mlioko huku Uingereza, kaeni niwaambie. Machi ikikaribia naona simu zenu zinavyojaa matangazo: tarehe 8 Siku ya Wanawake, kisha Jumapili ya Mama, ambayo wenyeji huiweka Jumapili ya nne ya Kwaresima, ndiyo maana kila mwaka inahama. Kwetu vocha ilikuwa ya kukwangua ukaongeza salio, na aliyetumiwa alikupigia papo hapo kukushukuru. Za huku ni kitu kingine.

Mimi ninazo tatu kwenye mtoto wa meza, chini ya pasipoti. Moja ni ya kukandwa mwili katika hoteli fulani nje ya London. Kijana wangu aliinunua kwa mapenzi, sina shaka. Lakini hakujiuliza kama mama yake, aliyelelewa Ng'ambo kule Unguja, atakubali kulala kifudifudi akandwe na mtu asiyemjua. Wala hakuuliza nitafikaje: treni mbili, halafu teksi, na teksi haimo ndani ya vocha. Miezi 12 ikapita. Nilipopiga simu, binti wa mapokezi akanijibu kwa adabu zote kwamba muda umekwisha. Sijamwambia mwanangu. Nanyi msimwambie.

Basi masharti myasome kabla ya kulipa. Jirani zetu wa Ayalandi wana sheria tangu Desemba 2019: muda wa vocha usipungue miaka 5. Uingereza haina sheria ya namna hiyo, kila duka hujipangia. Tena vocha ni deni, na mwenye vocha ni mdai kama wadai wengine. Januari 2013, kampuni ya maduka ya muziki ya HMV ilipowekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi, kadi zake za zawadi zilikataliwa kaunta kwa siku kadhaa, ndipo zikaja kukubaliwa tena. Wenye kadi hizo walibahatika. Duka likiyumba, usimnunulie mama yako ahadi yake.

Na kalenda muitazame, jamani! Mwaka 2025 Jumapili ya Mama iliangukia Machi 30. Nyumba nyingine zilikuwa zinasherehekea Idi, nyingine bado zimefunga, mwezi umetugawa kama kawaida yetu. Mtu akaniletea vocha ya chai ya alasiri, na keki tatu, ya siku hiyohiyo tu. Hiyo ndiyo ya pili kwenye mtoto wa meza.

Ya tatu ni ya duka la vyombo. Niliipokea, nikatabasamu, nikajisemea moyoni: miaka arubaini jikoni, na zawadi yangu ni sufuria. Mke wako naye usimfanyie hivyo, hata akisema kikaango kimechakaa. Kikaango ni cha nyumba. Kinunue siku ya kawaida.

Zamani, Waingereza wenyewe wanasimulia, mabinti waliofanya kazi za ndani kwenye majumba ya watu waliruhusiwa Jumapili hiyo ya Mama kwenda kwao, wakichuma maua njiani. Maua yale yaliliwa na jua kabla jioni haijaingia, nadhani, lakini binti alikuwa amefika.

Iliyowahi kunifaa ni moja tu. Mjukuu wangu alinijia na vocha ya duka la vitambaa la Green Street, pale Upton Park, duka ninalolipita kila wiki nikichungulia dirishani. Alikuwa amekwisha kumuuliza mwenye duka kama inatumika kidogo kidogo, na kama inabakisha chenji. Kisha akaomba ruhusa kazini. Tulishinda mle saa mbili nzima, nikipapasa vitambaa, nikibishana bei ambayo haibishaniki, yeye kabeba mkoba wangu wala hagusi simu. Nilichukua yadi 4 za hariri ya kijani. Pesa zilizobaki ndani ya vocha tutazirudia, amesema, baada ya Idi.