Vikapu Kumi na Viwili na Sufuria ya Supu

Neno la Jumapili baada ya Sikukuu ya Shukrani
Masomo: Yohana 6:1-13, Ruthu 2:14-18



Alhamisi tulisherehekea. Leo ni Jumapili, na kwenye friji zetu bado kuna mifupa ya bata mzinga, viazi, karoti, na wali ambao watoto wameshaukataa. Wengi wetu tukitoka ibadani tutavitupa. Naomba kwanza tumtazame Bwana Yesu.

Pale mlimani palikuwa na wanaume wapatao 5,000. Mtoto mmoja alikuwa na mikate 5 ya shayiri, chakula cha watu maskini, na samaki 2. Yesu alishukuru, akawagawia, wote wakashiba. Kisha akawaagiza wanafunzi wakusanye vilivyobaki, kisipotee hata kimoja. Vikajaa vikapu 12.

Jiulize: aliyeweza kuzidisha mikate, makombo ya nini? Angeweza kufanya tena kesho. Lakini alitufundisha kwamba shukrani haiishii kwenye sala ya kabla ya kula. Anayejua chakula kimetoka kwa Mungu hukiheshimu hata baada ya kushiba. Sisi tuliotoka nyumbani ambako mama alijua kugawa kuku mmoja kwa watu kumi, tusiache wingi wa Marekani utusahaulishe.

Lakini Biblia hiyohiyo inatuonya katika Kutoka 16. Waliolaza mana hadi asubuhi bila kuagizwa waliikuta ina mabuu na inanuka. Kwa hiyo kutunza kunahitaji utii na akili, na hapa naomba niseme kama muuguzi.

Chakula kilichopikwa kisikae mezani zaidi ya saa 2. Ile desturi ya kuacha sufuria jikoni usiku kucha na kuchemsha asubuhi tuiache, hasa kwa wali: kuna bakteria wanaoacha sumu ambayo moto hauiondoi. Kikae kwenye friji siku 3 hadi 4 tu. Hesabu mwenyewe: kilicholala kwenye friji tangu Alhamisi, leo au kesho ndiyo mwisho. Kama kililala mezani, kitupe bila kujihukumu. Wajawazito, wazee na watoto wadogo ndio huumia zaidi.

Kama kilitunzwa vizuri, pika supu leo. Mifupa iweke kwenye sufuria kubwa na maji, kitunguu, tangawizi na kitunguu saumu, ichemke taratibu saa 2 au 3. Chuja, uitoe mifupa yote. Weka karoti na viazi, na mwishoni nyama uliyoichambua, ichemke vizuri tena. Onja kabla ya kuongeza chumvi, kwa sababu bata mzinga wa dukani mara nyingi huwa ameshatiwa chumvi, na wenye presha tunao wengi. Kamulia ndimu mezani. Itakayobaki igawe kwenye vyombo vifupi ipoe haraka, kisha iweke kwenye friza.

Sasa, ni nani ataila? Ruthu alikuwa mgeni, Mmoabu katika nchi ya watu, kama sisi. Boazi alimkaribisha chakula, akala akashiba, akabakiza. Hakukiacha shambani. Jioni alimpelekea Naomi, mama mkwe wake, mjane aliyekuwa akimngoja nyumbani.

Angalieni jambo hili: Ruthu alimpelekea Naomi chakula kilekile alichokula yeye. Kuna tofauti kubwa kati ya kushiriki na kumtupia mtu usichokitaka. Ukimpelekea mwenzako supu, iwe ile ambayo watoto wako wanakunywa pia. Ipeleke ya moto, na ukiweza, kaa mle pamoja.

Katika usharika wetu akina Naomi wapo. Yupo mzee anayeshinda peke yake wanawe wakiwa kazini. Yupo kijana aliyefanya kazi zamu ya usiku siku ya sikukuu na kurudi kwenye chumba chenye giza. Ipo familia iliyofika majuzi, ambayo haijui bado kwa nini majirani wote walikuwa wanakula bata mzinga. Wengi hawatasema wana njaa, na pengine hawana. Wana upweke. Kazini nimeona wagonjwa wanaoacha chakula kizuri kwenye sinia, na mtu akiketi nao wanaanza kula.

Bwana alisema kisipotee kitu. Kama alijali vipande vya mikate ya shayiri, je, mtu aliyesahaulika si zaidi?

Basi wazazi, leo waiteni watoto jikoni. Wachambue nyama, wamenye karoti, halafu waulizeni: "Bakuli hili tumpelekee nani?" Jibu lao lifuateni leo hiihii.

Tuombe. Baba, asante kwa meza uliyotuandalia ugenini. Tufundishe kukusanya, kutunza na kugawa, asipotee hata mmoja wetu. Katika jina la Yesu. Amina.