Usimwazime Jirani Jina Lako

Huko Kwale na Kilifi, kabla Wapemba, waliokuwa hawana utaifa, hawajatambuliwa rasmi Julai 2023 kuwa jamii ya Kenya, wema wa jirani ulikuwa na njia zake. Laini ya simu ilisajiliwa kwa kipande cha rafiki. Mtoto aliandikishwa kwa jina la baba wa nyumba ya pili, apate cheti cha kuzaliwa, afanye mtihani. Nia ilikuwa njema. Nani asingemhurumia mvuvi asiyeweza kukata leseni kwa kukosa kitambulisho, na babu yake kazikwa papo hapo pwani?

Lakini ndugu yangu, huruma ya namna hii humgeukia mtoto. Akitimiza miaka 18 akaenda kuomba kitambulisho, ataulizwa kipande cha babake. Cha yupi? Aliyemzaa hayumo kwenye cheti, na aliyemo hakumzaa. Tena, kumdanganya msajili kwa makusudi ni kosa la jinai.

Kama wampenda kweli jirani ambaye bado hana utaifa, mwambie kwamba Sheria ya Msaada wa Kisheria ya Kenya ya 2016 inawataja watu wasio na utaifa miongoni mwa wanaostahili kusaidiwa bila malipo, mradi ni wakaazi wa Kenya na hawana uwezo. Wengi hawajui. Na wanaojua huogopa kukamatwa wakiikaribia ofisi ya serikali. Hofu hiyo haitoki kwa maneno, kwa hiyo fuatana naye, mkae benchi moja. Akiulizwa ni nani anayemjua, simama wewe. Eleza kwa kiapo alizaliwa nyumba gani, mkunga alikuwa nani, babake alivua na nani, kaburi liko wapi. Usiongeze hata mwaka mmoja usioujua. Wakili hawezi kuyatunga hayo; unayo wewe uliyekua naye.

Nanyi wazee wa mtaa, barua ya kumtambulisha mtu ni haki yake. Kumdai chai asiye na pa kukushitaki ni dhuluma.

Wamakonde, nao wakiwa hawana utaifa, walifunga safari kwa pamoja kutoka Kwale hadi Nairobi Oktoba 2016 kudai uraia, na wakatambuliwa. Lakini yule aliye peke yake mtaani kwako hana msafara wa kumsindikiza.

Na kama jina lako tayari limo kwenye cheti cha mtoto wa jirani, nendeni wote kwa wakili, umweleze ukweli huo kabla fomu yoyote haijajazwa.