Mwanamke wa Kalenda

Picha iliyotundikwa ukutani hufundisha hata isiposema neno. Yafaa basi kuuliza inawafundisha nini watoto wetu.

Katika Marekani ya miaka ya 1940 na 1950 makampuni yalizoea kuwagawia wateja kalenda zenye picha za wasichana. Gil Elvgren, mchoraji wa kampuni ya Brown & Bigelow, alisifiwa sana kwa kazi hiyo. Wengine katika wasichana hao walivikwa kama wachunga ng'ombe: kofia pana, buti, kamba mkononi, na nguo iliyopunguzwa karibu iishe. Kamba ile haijapata kunasa ndama hata mmoja! Elvgren alimpiga picha msichana wa kweli, kisha katika kuchora akamrefusha miguu na kumbana kiuno, hata mwenyewe asifanane na sanamu yake. Wala tusiwalaumu wanaume peke yao: tangazo la sinema ya wachunga ng'ombe iitwayo The Outlaw, ya mwaka 1943, lilichorwa na mwanamke, Zoë Mozert.

Asidhani mtu kwamba twauchukia mwili. Huko Mahuta, katika uwanda wa juu wa Wamakonde, yasimuliwa toka kale kwamba mtu wa kwanza, akiwa mpweke, alichonga mti kwa mfano wa mwanamke, akausimamisha karibu na makao yake. Usiku ukapata uhai, ukawa mke wake. Watoto wawili wakawafia, mpaka walipopanda juu, na wa tatu akaishi. Na katika ngoma ya mapiko mchezaji huvaa kifuani gamba la mti lenye matiti na tumbo la mimba. Uchi upo, lakini tumbo lile lina mtoto, na matiti yale yana wa kuyanyonya. (Hatusemi kwamba heshima ya mwanamke ni uzazi tu, masista wetu ni mashahidi.) Mwanamke wa kalenda hana mume, hana mama, hana kazi, ana mtazamaji tu.

Papa Yohane Paulo II, katika mafundisho yake ya mwaka 1981, hakuulaani uchi wote wa sanaa. Alionya juu ya mwili unaotengwa na mtu mwenyewe, ukawa kitu cha kutumiwa na yeyote.

Leo kalenda hiyo imehamia katika simu ya baba. Baba na aifute. Na mwanawe aliyekwisha kuiona asimkaripie, bali aketi naye amweleze kwa nini.