Hesabu za Rubani

Mwaka 1992, nilipokuwa mwalimu wa hisabati katika shule moja ya sekondari huko Nyanda za Juu, alinijia nyumbani jioni kijana wa kidato cha tatu. Alipiga hodi, akaniamkia, nikamkaribisha kiti akakataa kukaa. Alikuwa na swali moja tu: rubani wa ndege za kivita anahitaji hesabu kiasi gani? Nilikuwa nasahihisha madaftari, na lake lilikuwa katika rundo lile lile, limejaa wino mwekundu. Nikamjibu bila kuinua kichwa, "Nyingi kuliko ulizo nazo." Akasema, "Ahsante, mwalimu," akaenda zake. Mpaka anamaliza shule hakuniuliza tena swali lolote.

Leo nimestaafu, na jibu lile bado linanisumbua. Walimu wengi wa siku zile tulikuwa wakali, na kwa ukali peke yake ningejisamehe. Kinachoniuma ni kwamba nilijibu jambo nisilolijua. Sikuwa nimewahi kuingia ndani ya ndege yoyote, seuze ya kivita. Nilichojua ni milinganyo, nikadhani kila mlango wa heshima duniani umefungwa kwa mlinganyo.

Tangu hapo nimesoma habari za marubani kila nilipozipata, na niliyoyakuta yamenishangaza. Hesabu anazofanya rubani akiwa angani ni za darasa la sita na la saba. Ndege ikienda maili 480 za baharini kwa saa, inakwenda maili 8 kwa dakika. Ni kugawanya kwa 60 tu. Akiwa futi 30,000 juu na anataka kushuka taratibu, anachukua 30 anazidisha kwa 3, anajua aanze kushuka zikiwa zimebaki maili 90 hivi. Akipotoka nyuzi 1 katika uelekeo wake, kila baada ya maili 60 atakuwa amekosea njia kwa maili 1. Mafuta nayo yana kiwango chake, ambacho huwekwa kabla ya kuruka: kikifikiwa, rubani hugeuza kurudi, hata kama adui yuko mbele ya macho yake.

Mtoto wangu wa mwisho angeziweza hesabu hizo mezani, na kikombe cha chai mkononi. Lakini rubani wa vita hana meza. Akikata kona kali, mwili wake huwa mzito mara saba au zaidi, damu inakimbia kichwani, macho yanaanza kuona giza. Huku anasikiliza redio, anawatafuta wenzake, na pengine kuna mtu anayetaka kumuua. Hapo ndipo anatakiwa kugawanya kwa 60 na asikosee. Mimi sikupata hata siku moja kumpima mwanafunzi kwa namna hiyo. Niliwapima kwa saa tatu za ukimya katika chumba chenye madirisha.

Wapo marubani waliokuwa mabingwa wa hisabati, na sipendi kuwaficha ili hoja yangu ipendeze. James Doolittle wa Marekani alipata shahada ya udaktari katika elimu ya anga mwaka 1925. Mwaka 1929 akaruka na kutua bila kuona nje, akitegemea vyombo peke yake, na mwaka 1942 akaongoza ndege 16 kwenda kuishambulia Japani kutoka juu ya meli. Lakini yupo pia Chuck Yeager, aliyeishia sekondari na kuingia jeshini mwaka 1941, akaanza kama fundi wa ndege. Tarehe 14 Oktoba 1947 akawa mtu wa kwanza kuthibitika kuruka kwa mwendo unaozidi ule wa sauti. Nyuma yake alikuwapo mhandisi Jack Ridley, ambaye ndiye aliyezielewa hesabu za kuiongoza ndege ile karibu na mwendo wa sauti, akamweleza kwa maneno ambayo mtu wa sekondari aliweza kuyatumia. Yeager alijua kipi hakijui, akajua na wa kumuuliza. Baadaye Marekani ilipochagua wanaanga wake wa kwanza, sharti mojawapo lilikuwa shahada ya chuo au elimu inayolingana nayo, na yeye hakuwa nayo.

Je, sharti hilo lilikuwa la dhuluma? Nimelifikiria sana. Kumfundisha rubani mmoja wa kivita ni gharama kubwa, na fedha hizo ni za umma. Jeshi haliwezi kumpokea kila anayetamani, lazima liwe na chekecheo. Tena kuna jambo zito kuliko fedha. Rubani wa abiria akikosea, hufa yeye na abiria wake. Rubani wa jeshi akikosea, huenda wakafa watu wa kijiji ambao hawakukata tiketi yoyote. Kwa ajili ya hao, niko tayari kumzuia kijana mlangoni. Ila nataka nimzuie kwa kitu kitakachowaokoa kweli.

Na hapo ndipo mashaka yanaponijia. Tarehe 23 Julai 1983, ndege aina ya Boeing 767 ya Kanada iliishiwa mafuta ikiwa futi 41,000 juu. Ilikuwa ndege mpya, iliyopimiwa mafuta kwa kilo, wakati watu wamezoea ratili. Vipimo vyake vya mafuta navyo vilikuwa vimeharibika. Ilihitaji kilo 22,300. Katika kugeuza lita kuwa uzito ikatumika namba ya ratili, ndege ikapaa na chini ya nusu ya mafuta. Hesabu ilirudiwa, jibu likawa lile lile, maana namba yenyewe ndiyo iliyokuwa mbovu. Waliokuwapo walikuwa watu wazima wenye vyeti. Kuzidisha walijua.

Injini zote mbili zikazima. Sasa tazama kilichofuata. Msaidizi wa rubani, Maurice Quintal, akalinganisha kimo walichopoteza na mwendo waliokwenda: futi 5,000 kwa maili 10 za baharini. Akaona kwamba Winnipeg hawaifikii. Akakumbuka uwanja wa zamani wa jeshi la anga huko Gimli, alikowahi kutumikia. Nahodha Robert Pearson, ambaye alikuwa na mazoea ya kurusha ndege zisizo na injini, akaiteremsha pale. Hakufa mtu. Hesabu iliyowaponza na hesabu iliyowaokoa zilikuwa za kiwango kimoja. Katika ile ya kwanza hakuna aliyeshtuka kwamba lita zilizoagizwa ni chache mno kwa safari ndefu vile. Kushtuka huko sikukufundisha. Mwanafunzi aliyeleta jibu kwamba baba ana umri wa miaka 4 nilimkata alama, tukaendelea na sura inayofuata.

Miaka mingi baadaye nilikutana na yule kijana kwenye mgahawa mmoja kando ya barabara kuu ya Iringa. Amekuwa dereva wa lori, ana mvi. Akaniamkia, akanilipia chakula. Katika mazungumzo akanieleza anavyopanda Kitonga na tani 28: gia gani, tangu wapi, mafuta yabaki kiasi gani afike Tunduma. Yote yapo kichwani, hana karatasi. Nikamuuliza kama anaikumbuka ile jioni. Akacheka. "Naikumbuka, mwalimu. Ulisema nyingi. Hukuniambia ngapi."

Nikaomba kalamu kwa mhudumu, nikamwandikia nyuma ya risiti ile kanuni ya 60. Aliitazama kwa muda, midomo ikicheza. Kisha akauliza: kwa hiyo ukipotoka nyuzi 2 kwa maili 30, unakuwa umekosea maili 1 ile ile?

Nikamwambia ndiyo.