Mbwa Aliyefundishwa Kukataa

Bibi aliweka kipande cha kuku wa kukaanga sakafuni, akamwambia Penny, "Acha." Penny alikuwa na miezi mitano, Labrador mweusi mwenye miguu mikubwa kuliko mwili. Mate yakamdondoka. Akamtazama kuku, akamtazama Bibi, akamtazama tena kuku. Nilikuwa nasubiri kuona atachapwa na nini. Bibi hakuwa na fimbo. Mkononi alikuwa na punje chache za chakula cha mbwa. Penny alipomwacha kuku na kuinua macho, Bibi akasema papo hapo, "Vizuri," akampa punje tatu. Kuku akarudi mezani.

Nilikuwa New Jersey, Marekani, nikisoma shahada ya pili, na nilipanga chumba kwa mama huyu wa miaka sabini na kitu. Alinikataza mara mbili nisimwite Bibi, kisha akazoea. Alikuwa mlezi wa kujitolea. Alipokea mtoto wa mbwa wa wiki nane hivi, akamlea kwa zaidi ya mwaka mmoja, kisha akamrudisha kwenye shule inayowafunza mbwa kuongoza watu wasioona. Kazi yake ilikuwa kujenga msingi: kaa, lala, ngoja, njoo, acha, kutembea bila kuvuta kamba, kutulia chini ya meza huku watu wanakula. Mbwa wa faraja, wale wanaopelekwa hospitalini ili wagonjwa wawapapase, nao huanzia hapo hapo.

Nilikokulia, mkoani Morogoro, mbwa hulala nje, hubweka usiku na hurushiwa mawe mchana. Kwa hiyo nilidhani ninajua utii wa mbwa unatoka wapi. Siku moja nilimwambia Penny akae. Hakukaa. Nikarudia mara nne, kila mara kwa sauti kubwa zaidi. Bibi akaniambia ninyamaze. "Unamfundisha kwamba neno la kwanza halina maana," alisema, "kwamba unachotaka kinaanzia mara ya nne." Katika nyumba ile, mbwa akikosea, wa kwanza kuulizwa alikuwa mwalimu. Alisema nini? Alisimama wapi? Alichelewa kusifu?

Swali hilo lilinichoma, maana kabla ya kusafiri nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka miwili, na sikumbuki kuulizwa hivyo hata mara moja.

Historia ya kazi hii si ndefu. Shule ya kwanza ya mbwa wa kuongoza ilifunguliwa Oldenburg, Ujerumani, mwaka 1916, kwa ajili ya askari waliopofuka vitani. Mwaka 1928 kijana Mmarekani asiyeona, Morris Frank, alirudi kutoka Uswisi na mbwa wake Buddy, akavuka naye barabara yenye msongamano wa magari jijini New York huku waandishi wa habari wakitazama. Mwaka 1929 alishiriki kuanzisha The Seeing Eye, shule ambayo sasa iko New Jersey.

Nilipomuuliza Bibi ni nini kigumu kuliko vyote atakachofundishwa Penny akirudi shuleni, nilitegemea aseme kuvuka barabara. Akasema, "Kukataa."

Mtu asiyeona husikiliza barabara, akiona kimya humwambia mbwa, "Mbele." Lakini kuna gari la umeme linalokuja bila mngurumo, au shimo lililochimbwa jana. Mbwa mzuri hapo haendi. Anasimama, na wengine hukinga njia kwa mwili wao. Amri imetolewa na mtu anayempenda, anayemlisha, ambaye amemtii mara elfu, naye hatii. Tendo hilo nitaliita kwa Kiswahili ukaidi wa busara. Na mwenye mbwa naye hufundishwa upande wake: mbwa akigoma, usimsukume wala usimkaripie. Jiulize kwanza ameona nini.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilimkumbuka mvulana wa darasa la tano.

Ilikuwa masika. Nilikuwa nimesahau daftari la mahudhurio nyumbani, ng'ambo ya mto mdogo ambao wakati wa kiangazi maji yake hayafiki magotini. Nikamtuma yeye kwa sababu alikuwa mtiifu kuliko wote. Asubuhi alikuwa amepita kando ya mto ule, alijua umejaa. Mimi nililala upande wa shule usiku huo, sikujua. Alikwenda. Maji yakamchukua, na wanaume wawili waliokuwa wakikata majani ya ng'ombe wakamvuta kwa shati. Alirudi darasani akitetemeka, kiatu kimoja hakipo. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia mto umejaa. Akanijibu, "Mwalimu, ulisema niende."

Sikuwahi kumpiga mtoto huyo. Sikuhitaji. Alikuwa ameona wenzake wakipigwa kwa kujibu, na hilo lilimtosha. Darasa langu lilisifiwa kwa nidhamu, na mimi nilijivunia. Tulikuwa tukisema samaki mkunje angali mbichi, bila kuuliza tunamkunja aelekee wapi.

Najua mtoto si mbwa, na kuwalinganisha kunaweza kuonekana matusi. Najua pia kwamba mbwa hachagui kazi yake, ingawa asiyeifaa, mwoga wa kelele au asiyeipenda, huondolewa na kupewa familia imfuge. Lipo pia swali gumu zaidi: ikiwa kukataa kwenyewe kumefundishwa, je, huko ni kukataa kweli, au ni amri nyingine iliyofichwa ndani ya ile ya kwanza?

Nimelifikiri hilo kwa muda mrefu. Naona kwamba mbwa asiyetii kamwe hawezi kumwonya mtu. Akisimama, nani atajua kama ameona gari au amenusa mkate? Kusimama kwake kuna uzito kwa sababu siku nyingine zote amekwenda. Hivyo siwezi kuutupa utii. Lakini mbwa aliyefunzwa kwa kipigo akisikia "Mbele" ana hatari mbili, gari lililo mbele na mkono ulio nyuma, na mkono ndio anaoujua. Atashuka barabarani. Mwalimu anaweza kumfundisha mbwa namna ya kukataa, ila somo hilo halishiki kwa anayemwogopa mwalimu. Wazee walisema heshima si utumwa. Nadhani tofauti yake huonekana siku mkubwa anapokosea, na mdogo akawa ndiye pekee anayeona.

Penny alirudishwa akiwa na miezi kumi na tano. Bibi alilia ndani ya gari, kisha akaomba apewe mwingine.

Mimi nimerudi kufundisha. Nikimtuma mwanafunzi, huwa nauliza darasa zima, "Kuna sababu yoyote asiende?" Mara ya kwanza walinyamaza wote. Walinitazama kama Penny alivyomtazama yule kuku, wakitafuta mtego uko wapi. Sikuwalaumu, miaka mitano ya shule ilikuwa imewafundisha kwamba swali la mwalimu lina jibu moja. Wiki ya tatu msichana mmoja wa nyuma alinyoosha kidole nusu, akakishusha. Nikamwambia aseme. Akasema hapana, hakuna kitu.

Bado nauliza kila siku, na nikishauliza, nangoja.