JUMANNE: Matone Juu ya Kioo

Soma Mathayo 7:1-5 na Mathayo 18:15. Katika mafungu haya mawili, ni nani anayetakiwa kuchukua hatua ya kwanza, na kwa nini?

Kati ya Novemba na Aprili, mvua inaponyesha mkoani Songwe, dereva anayetoka Mbeya usiku huikaribia Tunduma kwa hofu. Akifika Chapwa anajua kwamba kando ya barabara kuna malori yanayosubiri kuvuka mpaka kuingia Zambia, na mengine hayana taa. Anajua yapo, lakini hayaoni.

Kwanza hulaumu giza. Lakini taa za magari yanayokuja mbele yake ni nyingi na kali, na hizo ndizo zinazomtesa. Maji nayo hayazuii mwanga. Hupita ndani yake. Ila kila tone lililoshika kioo limevimba katikati kama lenzi, na mwanga ukiingia humo hupindishwa na kutokea upande mwingine. Taa moja huwa mng'ao uliotapakaa kioo kizima. Maji yale yale yakitandaa sawasawa juu ya kioo kisafi, dereva huona karibu vizuri. Mafuta na uchafu ndivyo vinavyoyafanya yajikusanye kuwa matone. Na mtu akilitazama tone moja kwa makini ataona jambo la ajabu: barabara nzima imo ndani yake, nyumba, miti na malori, vyote kichwa chini.

Waipa hufuta matone ya nje. Baada ya muda kioo hufifia tena, na dereva huiongeza kasi waipa asipate nafuu yoyote, kwa sababu safari hii ukungu uko ndani. Watu wanne wamekaa humo, madirisha yamefungwa, wanazungumza. Mvuke wa pumzi zao hugusa kioo kilichopozwa na mvua na kugeuka matone madogo yasiyohesabika. Utingo hufuta kwa kitambaa, ukungu hurudi, maana mazungumzo yanaendelea. Afadhali afungue dirisha kidogo, hata kama atalowa bega.

Yapo makanisa ambamo mtunza hazina amesemwa kwa miezi. Taarifa ya fedha za mabati imechelewa kusomwa, na jambo hilo moja limetosha kumwonyesha mtu mzima, pamoja na miaka yake yote ya utumishi, kichwa chini. Washiriki wanne hukutana baada ya ibada, mlango umefungwa, na kila anayesema huongeza ukungu. Kisha huomba Mungu awape nuru juu ya ndugu yao. Huenda kweli amekosa. Huenda risiti zote ziko nyumbani kwake, na mkewe anaumwa. Hakuna ajuaye, kwa kuwa hakuna aliyekwenda kupiga hodi.

Yesu hakusema kwamba kibanzi hakipo katika jicho la ndugu. Alisema kitatolewa na mtu anayeona vema, na mtu huyo huanza na jicho lake mwenyewe. Katika Mathayo 18 humtuma aende kwa aliyemkosea, wawili peke yao, kabla jambo halijafika kwa mwingine yeyote.

Soma pia 1 Wakorintho 13:12. Kioo anachokitaja Paulo ni cha kujitazamia, na siku zile vilitengenezwa kwa madini yaliyosuguliwa, si kama kioo cha gari. Hata hivyo, mtume aliyeandika nyaraka nyingi za Agano Jipya alikiri kwamba anaona kwa sehemu tu. Aliyaandika hayo kwa kanisa lililojaa makundi na mashitaka (1 Wakorintho 1:11, 6:1-7).

Je, yuko mshiriki ambaye kikundi chenu kimemzungumzia mara nyingi kuliko kilivyozungumza naye? Ni nani atakayekwenda kwake kabla ya Sabato ijayo, na atamwuliza nini?